Mkwe Nyuma ya Besi

Majina ya watu wote walio katika maneno haya ninayo kichwani, hadi la ng'ombe wa jirani, lakini binti yangu amenikataza kuandika hata moja. Basi nitawaita vile tulivyoitana nyumbani. Hutapotea, watu wenyewe ni wachache.

Nikiulizwa napenda muziki gani, wajukuu hungoja niseme nyimbo za kanisa. Nazipenda, ndiyo. Lakini muziki ulioniingia mwilini ukakataa kutoka ni wa mtu mmoja anayepiga besi ya kusimama, ile kubwa ya mbao inayomzidi mpigaji kimo, katika bendi ya jazi. Mtu huyo ni mkwe wangu, mume wa binti yangu wa kwanza. Na hapo ndipo shida ilipoanzia, kwa sababu kwetu Magharibi mama mkwe na mume wa binti yake hawakai chumba kimoja. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawaangaliani usoni. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Ni heshima, si chuki. Ukimwona mtu anakukimbia namna hiyo, ujue anakuthamini sana.

Kwa hivyo miaka yote ile ya tisini, Kitengela ikikua plot baada ya plot, mimi nilikuwa shabiki wa mwanamuziki ambaye sikuruhusiwa kumwona. Na nilichotaka kilikuwa kitu kidogo tu: nione mikono yake inafanya nini pale sauti ile inapotoka.

Tulihamia Kitengela mzee wangu alipopata kazi katika kiwanda cha simiti, upande wa Athi River. Tukajenga nyumba ya mawe, na jiko likakaa peke yake nyuma, ng'ambo ya ua. Tuliishi na wifi yangu, dada mkubwa wa mzee, ambaye alikuja kututembelea wiki moja akakaa mpaka akachaguliwa kiongozi wa akina mama kanisani. Yeye ndiye alikuwa askari wa mila. Nyumbani Magharibi watu walikuwa wameanza kulegeza kidogo, lakini wifi alisema sisi tuko ugenini, katikati ya watu wa kila kabila, na tukilegeza hapa tutakuwa tumelegea kabisa.

Siku binti yangu alipomleta kijana nyumbani, mimi nilikuwa jikoni. Mzee alikuwa na swali moja, akaliuliza kwa sauti ya mkutano ili nami nisikie.

"Kijana, unafanya kazi gani?"

"Napiga besi, baba. Niko kwa bendi ya jazi, hotelini Nairobi."

Mzee akafurahi. Kwa watu wa rika letu, jazi ilikuwa bendi yoyote yenye magita na suti zinazofanana, tuliicheza tukiwa vijana. "Hiyo ni ya jioni," akasema. "Na mchana?"

"Ni hiyo tu, baba. Niko nayo hapo nje. Naweza kuleta?"

Nikasikia viti vikisukumwa, meza ikisukumwa, mzee akisema "polepole, polepole." Halafu wifi akaja jikoni mbio.

"Wee! Ameleta kabati."

"Kabati ya nini?"

"Sijui. Iko na shingo."

Kisha ikalia. Mwanzo nilidhani ni baruti ya machimbo, maana pale Kitengela tulizoea: mlio, halafu mtikisiko, halafu kimya. Lakini mtikisiko huu haukuisha. Ulipita chini ya ua, ukapanda miguu ya meza, na vifuniko vya sufuria vikaanza kuongea vyenyewe kwenye rafu. Alikuwa anapiga wimbo wa kutolea sadaka. Niliutambua. Lakini aliupiga kule chini kabisa, kama wimbo wenyewe umelala na yeye anatusikilizisha unavyokoroma. Chapati ilikuwa motoni, ikaungua, nami nimesimama na mwiko mkononi.

Nikajongea mlangoni. Wifi alikuwa ameshaujaza mlango, mikono kiunoni.

"Unaenda wapi?"

"Kuchukua chumvi."

"Ya chapati imeungua?"

Wageni walipoondoka, mzee alianza kurudisha viti. Nikamuuliza kile kitu ni nini.

"Ni litungu," akasema. Litungu ni kile kinanda cha nyuzi ambacho wazee wa kwetu hukipakata. "Litungu limekula likashiba. Wacha aoe."

"Lakini anafanya aje kwa mikono?"

"Mikono? Mimi nilikuwa naangalia paa lisianguke."

Wakaoana, wakapanga nyumba Nairobi. Baadaye bendi ikarekodi kaseti, na binti yangu akaniletea moja. Redio yetu ya kaseti ilikaa chumba cha kulala, kwa sababu soketi iliyokubali kufanya kazi ilikuwa huko. Nimeiweka kaseti, kidole kiko juu ya kitufe, wifi akatokea mlangoni.

"Ndani ya hiyo kitu kuna nani?"

"Ni bendi."

"Na mkwe?"

"Na mkwe."

"Na hii chumba ni ya nani?"

Nikakitazama kitanda.

"Kwa hivyo mkwe anaingia mpaka kwa kitanda ya mama mkwe, na ni wewe unambonyeza."

Mzee aliletewa kesi hiyo akiwa bado na viatu vya kazini. Akasema redio ihamie sebuleni. Wifi akasema sebuleni mimi na mkwe tutakuwa tumekaa chumba kimoja. Mzee akasema basi iende jikoni. Wifi akamuuliza tangu lini mkwe akaingia jiko la mama mkwe. Mwisho tukanunua betri, na kila Jumamosi redio ikawa inatolewa nje, inawekwa juu ya stuli karibu na ukuta wa sebule, nami nakaa jikoni ng'ambo ya ua nikisikiliza, mgongo nimeipa.

Jirani yangu, mama wa Kimaasai, alitukuta hivyo. Yeye mimi humwita Pakine, naye huniita Pakine. Kwao mtu akikupa mnyama mnaacha majina yenu mnaitana kwa mnyama huyo, na yeye alinipa mbuzi mwaka tuliohamia.

"Takwenya, Pakine," akanisalimu kwa Kimaasai.

"Iko," nikaitikia kwa lugha yake.

"Nani ametoa redio nje? Imekosa nini?"

"Si redio. Ni mkwe wangu."

Hakucheka. Kwao pia mambo ya wakwe si mchezo. Aliitazama redio, akavuta shuka lake likae sawa, akaizunguka kwa mbali akaja kukaa upande wangu.

"Amepewa chai?" akauliza.

Upande wa pili wa kaseti ile kuna mahali wenzake wote wananyamaza, ngoma inanyamaza, piano inanyamaza, anabaki yeye na besi. Na kabla hajaanza, anakohoa. Sasa, kwetu mkwe akikaribia boma hukohoa ili mama mkwe apate nafasi ya kujiondoa. Wifi alikuwa anakanda unga. Kusikia vile, akaruka.

"Amekohoa! Amefika!"

Akajifunika leso, akapita nyuma ya jiko, mikono yote unga. Mimi nikamfuata. Pakine naye akatufuata, ingawa hapo yeye hakuwa mkwe wa mtu. Tukasimama huko nyuma wanawake watatu kama kuku walionyeshewa, na besi ikapiga mpaka mwisho bila mtu uani isipokuwa mbuzi. Katika vyote alivyorekodi, wimbo ule ndio nilioupenda kwa miaka mingi kupita yote. Hadi leo kikohozi kikifika mimi nasimama. Wajukuu wadogo nao husimama, wanadhani ni wimbo wa taifa.

Upande wa kumsikia hivi hivi bila kaseti, hakuna siku iliyoshinda ile ya Kajiado mjini. Mfanyakazi mmoja wa kiwandani kwa mzee wangu alikuwa anaoza binti yake, sherehe ikafanywa uwanja wa shule, na bendi ikaalikwa. Wifi alifika mapema kukagua. Akarudi na habari kwamba hema la akina mama linaangalia jukwaa moja kwa moja, kwa hivyo mahali pangu ni nyuma ya madarasa. Nikapelekwa huko na kiti changu na sahani yangu ya pilau. Palikuwa na tangi la maji, lile jeusi la plastiki, na kwa kuwa ilikuwa kiangazi, maji yalikuwa chini kabisa.

Nikaliegemea tu kwa uchovu. Besi ikaanza kule mbele, na tangi likaipokea. Nilihisi mgongoni kwanza, kama mtu ananiambia siri kupitia shati. Nikageuka nikaweka sikio. Jamani! Sauti ilikuwa inazunguka mle ndani, inashuka kwenye maji, inapanda tena. Nikalikumbatia tangi kwa mikono miwili nikafunga macho. Akatokea msichana na jagi, mmoja wa wale Wakikuyu wa upande wa bwana harusi.

"Shosh," akaniita, maana yake nyanya, "uko sawa?"

"Niko sawa."

"Maji imeisha?"

"Nyamaza kidogo, anapanda."

"Nani anapanda?"

Nikamwonyesha aweke sikio. Akaweka. Akaita wenzake. Wimbo ulipokaribia kwisha, tangi lilikuwa limekumbatiwa pande zote, wengine wamevaa nguo za wasindikizaji wa bibi harusi, na msimamizi wa sherehe alikuwa amekuja mbio kuuliza ni nani ameanguka ndani. Huko mbele, naambiwa, watu walikuwa wakila na kuongea kwa sauti ya kuushinda muziki. Sisi wa nyuma ya madarasa ndio tulisikiliza.

Lakini kuona, sikuona.

Miaka ya elfu mbili ilipoingia, binti yangu akaja na habari. Bendi imepata kazi katika hoteli moja Uarabuni, mkataba wa miaka, nao wangeondoka wote kabla ya Desemba. Mimi wakati huo nilikuwa nimeambiwa na watu wa kliniki kwamba macho yangu yanaingia mtoto wa jicho. Asubuhi niliona vizuri, jua likipanda niliona kama kwa maziwa. Nikamwambia mzee waziwazi: nataka kuona mkwe wangu akipiga kabla hajaenda, maana akirudi sitajua besi ni ipi na mlango ni upi.

Mila yetu yenyewe ina mlango wake. Blanketi linatolewa, mbuzi anachinjwa, wazee wa pande mbili wanakaa, na baada ya hapo mama mkwe na mkwe wanaweza kusalimiana kama watu. Lakini hiyo inafanyiwa nyumbani Magharibi, wakati wa Krismasi, wote wakiwa wamekusanyika.

"Ngoja warudi," wifi akasema.

"Na macho nayo yangoje?"

Wifi akachukua ungo akaanza kupepeta mchele uliokuwa umeshapepetwa.

Wiki hiyo hiyo nilienda sokoni na Pakine. Tunarudi, tumefika pale kando ya barabara ya Namanga, nikamwona mkwe wangu anakuja na besi yake mgongoni, anaenda kumuaga mzee. Naye akaniona. Mimi niliruka ndani ya duka la vifaa vya ujenzi nikajibanza nyuma ya mabati. Yeye, maskini, alikuwa na kichaka gani? Pale palikuwa na malori ya mawe tu. Akaiteremsha besi chini, akaisimamisha, akasimama nyuma yake. Nikichungulia kushoto, besi inageuka kushoto. Nikichungulia kulia, inageuka kulia.

"Mama," mwenye duka akaniuliza, "unanunua ama unajificha?"

"Yote mawili," nikasema, nikanunua misumari.

Tulipokaribia nyumbani, Pakine akanigeukia.

"Ulimwona mkwe wako?" akauliza.

"La. Niliona besi."

"Na ile mikono ilikuwa imeishika?"

Nikasimama. "Vidole niliviona. Lakini vilikuwa vimetulia tu."

"Kwani vidole viko na uso?"

Tulimpelekea wifi swali hilo kabla hata sijatua kikapu. Alifikiri mpaka sukuma wiki yote ikaisha kukatwa. Nilijua anaweza kukataa, na akikataa, mzee hatampinga, na mambo yangu yameishia hapo. Mwisho akapangusa kisu.

"Uso ni hapana," akasema. "Lakini vidole... sijawahi kusikia wazee wakitaja vidole."

Jumamosi asubuhi, macho yangu yakiwa bado safi, binti yangu na mumewe wakaja kama walivyoitwa. Wifi alikuwa amechora mstari uani kwa mpini wa jembe. Mkwe ng'ambo, nyuma ya besi. Mimi huku, kwenye stuli, mlangoni pa jiko, katikati ya wifi na Pakine. Nilikuwa nimeinamisha kichwa mpaka niambiwe tayari, lakini tayari haikuja, kwa sababu besi ilificha tumbo, kifua na miguu, ikashindwa na kichwa. Kichwa kilitokea kando ya shingo yake. Wakajaribu kumvalisha kofia ya mzee na kuishusha hadi kidevuni, mkwe akasema kwa adabu kwamba hapumui. Wakajaribu kutundika shuka, ikafunika na vidole. Basi mzee akaingia ndani akarudi na mwavuli, akaufungua, akausimamisha mbele ya uso wa mkwe wake. Wingu hata moja halikuwepo. Majirani walikuwa wameshajaa uani kwetu na kwenye ua wa michongoma.

"Mzee, kwani kuna mvua?"

"Kuna mama mkwe," mzee akajibu.

Nikainua kichwa. Nikaona mbao nyekundu inayong'aa, mwavuli mweusi, na mikono miwili. Mkwe akakohoa. Wanawake watatu tukasimama.

"Kaeni chini!" mzee akafoka kutoka nyuma ya mwavuli. "Mkono unaniuma!"

Tukakaa. Akaanza.

Miaka yote ile nilidhani anaipiga. Kwa ngumi, au kwa fimbo yenye kitambaa, maana kitu kinachotikisa sufuria lazima kipigwe. Kumbe hapana. Mkono wa kushoto ulikuwa unapanda na kushuka shingoni, unabana, unaachilia, kama mtu anatafuta maumivu ya mgonjwa yako wapi. Na mkono wa kulia ulikuwa unavuta. Vidole viwili, hiki halafu hiki, hiki halafu hiki, bila haraka.

"Pakine," jirani yangu akaninong'oneza, "huyo anakamua."

Ndivyo hasa. Na kila akivuta, uzi unatetemeka, na tetemeko nililiona likiondoka pale, na baadaye kidogo likanifika kwenye nyayo. Katikati ya wimbo mwavuli ukateremka, nikaona paji la uso. Nilifumba macho palepale kwa heshima, wifi akapiga kelele "Mwavuli!", na hapo nikapoteza kipande ambacho sitakipata tena. Kilichobaki chote nilikiona. Watu huniuliza kama nililia. Ningelia saa ngapi? Nilikuwa na kazi ya kuangalia.

Niliona na vingine. Vidole vile vilikuwa vimefungwa plasta mbili, na mahali pasipo na plasta ngozi ilikuwa imekauka na kupasuka kama udongo wa Kajiado mvua ikikosa. Nilipomwambia Pakine, hakuhitaji kufikiri. Akaenda kwake akarudi na mkebe wa mafuta ya kukamulia, yale ambayo watu hupaka chuchu za ng'ombe na mikono yao wenyewe wasipasuke. Nikampa binti yangu na maagizo: apake vizuri, kila mara kabla ya kazi.

Wakasafiri. Kabla ya hapo bendi ilikuwa imepiga usiku wa kuaga huko Nairobi, ukarekodiwa, na miezi baadaye CD ikanifikia. Kufikia wakati huo wifi alikuwa amekubali redio yetu mpya, ya CD, ikae sebuleni, mradi niifunike kwa kitambaa. Nikasikiliza. Mwanzo nilidhani CD imekwaruzika. Besi ilikuwa inaanza mahali, halafu inateleza, inateleza, inafika mahali pengine kabisa na kulia hapo kama ndama anayemwita mama yake. Kila wimbo hivyo. Nilirudia mpaka wifi mwenyewe akaja kukaa karibu na kitambaa. Hata redioni nilimsikia mtangazaji akiisifu, anasema huyu mpigaji amezaliwa upya. Ile kaseti ya kikohozi ikawa ya pili.

Binti yangu akapiga simu.

"Mama, yale mafuta."

"Yamemponya?"

"Yalimtelezesha, mama! Alipaka kabla ya kupanda jukwaani vile uliagiza. Anashika hapa, kidole kinaenda kule. Alitaka kufa kwa aibu."

"Si angepangusa?"

"Angepangusaje kitu amepewa na mama mkwe?"

Nikasikia anacheka kwa pua.

"Sasa mkubwa wa hoteli ameisikia hiyo CD. Anataka besi ilie hivyo kila jioni. Na mkebe umeisha. Mume wangu amejaribu bila mafuta imekataa, na huku ametafuta kwa maduka yote hakuna. Anauliza, kwa heshima sana, kama unaweza kumtumia mkebe."

Nikaenda kwa Pakine papo hapo, na leso begani. Nilimkuta anafunga ndama. Nikamweleza kwamba mafuta yanahitajika Uarabuni, tena haraka.

"Huko wako na ng'ombe wangapi?" akauliza.

"Mmoja tu," nikamwambia. "Lakini analia vizuri."